Simu ya Sista Devota

Mpendwa mshauri,

Shikamoo, kama umri wako unanizidi. Naomba unisaidie, maana nina jambo nimelificha mwaka na nusu, sijamwambia mtu hata padri, na sasa limefika mahali ambapo lazima mtu aumie na sitaki awe mwanangu.

Mimi ni mjane, fundi cherehani hapa Kilosa mjini, naishi na binti yangu wa pekee, Vaileth, yuko kidato cha pili shule ya kutwa. Alipokuwa darasa la saba nilimpeleka upande wa Mikumi kufanya mtihani wa kujiunga na shule ya bweni ya masista, na walipomaliza wakawazungusha shule nzima, akanirudia amenishika mkono kwa nguvu, "Mama, maabara yao kila meza ina bomba la maji! Na maktaba unakaa mpaka jioni, hakuna anayekufukuza," na njia nzima ya kurudi habari zilikuwa ndizo hizo, mimi nacheka naye, lakini moyoni nikasema huyu ameshaondoka.

Majibu yalipotoka hakuwa kwenye waliochaguliwa, akawa kwenye orodha ya akiba, wa kwanza kabisa, na Yudith, mtoto wa jirani waliyekaa naye dawati moja, akawa wa pili. Tukaambiwa kama kuna asiyeripoti tutapigiwa simu. Januari akaanza kutwa lakini hakuanza kweli, mshauri, hata nafasi ya kuimba kwaya ya shule aliikataa akasema "nitawaacha katikati," na kila nikitoka sokoni ananipokea mlangoni na swali moja tu, "Mama, wamepiga?"

Walipiga. Ilikuwa Februari, saa nne asubuhi, Vaileth yuko shule, mimi nampima mtoto wa mtu sare. "Tumsifu Yesu Kristo, mama. Ni Sista Devota, mkuu wa shule. Nafasi ya Vaileth imepatikana, mlete kabla ya Ijumaa." Nikatazama chumba, nikaona ndala zake pale mlangoni, nikafikiria jioni ya kwanza nitakayokula peke yangu, maana tangu baba yake afariki ndiye ninayeongea naye, na sijui niliingiwa na nini, nikausikia mdomo wangu unasema, "Asante sista, tumeshaamua abaki nyumbani." Akauliza, "Mna uhakika, mama?" Nikasema ndiyo. Wala usidhani ilikuwa ada, kaka yangu Zabron aliyeko Kilangali alishasema atalipa yote. Ni mimi tu. Sikutaka aondoke.

Siku mbili baadaye Yudith akaondoka na tranka jipya. Vaileth alimsindikiza mpaka stendi, aliporudi akakaa kitandani hajavua hata viatu, akaniambia, "Mama, Yudith alikuwa nyuma yangu. Labda niliandika namba ya simu vibaya. Fomu nilijaza mwenyewe." Ningeweza kusema pale pale, mshauri, mdomo ulikuwa wazi kabisa. Nikamwambia, "Labda."

Tangu siku hiyo akijaza kitu chochote anakirudia mara tatu halafu ananiletea nikikague. Likizo Yudith akija wanakaa nje ya dirisha langu, na mimi nikiwa nashona nawasikia, Vaileth anauliza kengele ya asubuhi inagongwa saa ngapi, kitanda cha juu analala nani, Jumapili mnakula nini, mpaka Yudith anachoka kujibu, na yeye anauliza tena.

Sasa shule ile imetangaza kwamba mwakani itapokea wachache wa kuhamia kidato cha tatu, baada ya upimaji wa Novemba, na mzazi aende mwenyewe na mtoto kuchukua fomu. Vaileth ameshaandika barua ya kuomba uhamisho, anangoja sahihi yangu. Tukienda, Sista atafungua faili na kusema mbele ya mtoto, "Nyie si mlikataa?" Nimewaza nimdanganye kwamba nafasi zimejaa, asubiri kidato cha tano, labda serikali itampangia bweni. Nimewaza pia nimpigie Sista nimwombe aninyamazie. Nifanye nini? Nilimzuia ili niwe naye, lakini niliye naye ni mwili tu, mwenyewe yuko Mikumi.

Mama Vaileth, Mabwerebwere, Kilosa
(Majina yamebadilishwa)

*

Marahaba, mama Vaileth. Nina miaka sitini na tatu, na barua yako nimeisoma mara mbili kabla ya kukukasirikia, ili nikukasirikie vizuri.

Upweke wako naujua, na sitamcheka mtu anayeogopa kupakua sahani moja. Lakini usiniambie hujui uliingiwa na nini. Unajua, umeandika mwenyewe: hukutaka aondoke. Hilo la simu lilikuwa la dakika moja, ulishtukizwa, na ningekuelewa kama ungempigia Sista kesho yake. Linaloniuma mimi ni lile "labda" lako. Mtoto wa miaka kumi na minne alikuja kwako anatafuta kosa lake liko wapi, ukamkabidhi la kwako alibebe. Mpaka leo analibeba! Bweni lisingemtengeneza peke yake na kutwa haijamharibu, wasomi wametoka kote kote. Kinachomharibu ni kuamini kwamba nafasi yake ilimpita kwa sababu hajui kuandika namba ya simu.

Kwa hiyo Sista usimpigie kumwomba anyamaze, usimwingize mtawa wa watu kwenye uongo wako. Na habari ya nafasi kujaa ifute kabisa kichwani.

Jumamosi hii, mchana, funika cherehani, zima simu, mkalishe mwanao. Anza na namba. Mwambie, "Namba uliiandika sawasawa, na walipiga." Mengine yafuate, yote, bila kumtaja marehemu kama kisingizio. Usilie kabla yake, maana ukilia wewe ataacha uchungu wake aanze kukubembeleza, naona amezoea kazi hiyo. Msamaha usiudai siku hiyo. Akifoka, afoke. Akinyamaza wiki nzima, mpikie na umwache.

Kisha weka sahihi, mpeleke Mikumi, na ukifika ofisini uanze wewe kumweleza Sista kabla hajashika faili. Huenda wasimpokee, nafasi ni chache na wenzake ni wengi. Sawa. Safari hii akikataliwa, akataliwe na shule, asikataliwe na mama yake.

Na jioni zako, mama, zitafutie watu. Chukua msichana wa kujifunza ushonaji. Rudi kwenye jumuiya, naamini umeacha kwenda. Vaileth ni mwanao, hakuzaliwa akuzibie pengo la mumeo.

Siwema

*

Wasomaji wangu, jibu hili nilimtumia kwa simu kabla ya gazeti kuchapwa, sikutaka Jumamosi impite. Jumanne alinirudishia ujumbe na kuniruhusu niuweke hapa.

"Nimemwambia. Nilianza na namba kama ulivyoniagiza. Alinitazama mpaka nikamaliza, akatoka akaenda kwa mama Yudith, akakaa huko mpaka jua linazama, nikajua hatarudi kulala. Akarudi. Alisimama mlangoni, hakuingia, akaniuliza, 'Sista alisemaje? Sema vile vile alivyosema.' Nikamwambia. Akasema, 'Rudia.' Nikarudia. 'Jina langu alilitaja?' Nikamwambia alilitaja, alisema nafasi ya Vaileth imepatikana. Hapo ndipo alipolia, mshauri, akilia huku anasema, 'Kumbe waliniita. Kumbe waliniita.' Nilitaka kumshika, akarudi nyuma hatua moja.

Mpaka leo shikamoo ananipa akitazama chini. Chakula anakula. Mjomba wake Zabron nimemweleza, amenisema sana. Sahihi nimeweka, na Alhamisi tunakwenda Mikumi. Vaileth amesema kwenye basi atakaa peke yake dirishani, mimi nitafute kiti kingine. Nimemwambia sawa, mwanangu."