Barua Uliyoandika kwa Jina Langu

Dada Nashipae,

Tangu uhamie Loitokitok tumeongea kwa simu mara mbili, na mara zote mbili tuliongea juu ya mvua. Leo nataka tuongee juu ya chuo.

Unakumbuka tukijaza fomu ya uhamisho? Tulikuwa tumekaa nje ya nyumba yetu hapa Kajiado, mama ameegemea mto kwenye kiti chake, mkono wake wa kushoto tayari umekufa ganzi kwa kiharusi. Nilikuwa nataka kuhamia chuo cha Kitengela kwa sababu maabara yao ina vifaa ambavyo chetu hakina. Ulisoma barua yangu ya maombi ukacheka. "Usiandike 'nataka', Resian. Andika 'ningependa kuwajulisha'. Watu wa ofisi wanapenda heshima." Nikaandika hivyo. Nilikuamini hata na simu yangu, kwa sababu yako ilikuwa imevunjika kioo.

Nilikubaliwa. Chuo cha Kajiado kikanipa barua ya kuniachilia, na nafasi yangu ikapewa mwingine. Siku ya kuripoti ulinipigia pasi sketi, ukanisindikiza mpaka stendi, ukanikumbatia. Hilo ndilo bado linaniuma zaidi.

Kule Kitengela karani alitafuta jina langu, akakunja uso. "Lakini wewe mwenyewe ulituandikia."

"Niliandika nini?"

Akageuza kompyuta. Barua pepe ilitoka kwangu. *Ningependa kuwajulisha kwamba mipango yangu imebadilika, na sitajiunga na chuo chenu.* Nilisoma neno la kwanza tu nikajua ni wewe. Nilimwambia karani samahani, nikatoka na begi langu. Ningemwambia nini? Kwamba ni dada yangu?

Nilipofika nyumbani ulikuwa unamlisha mama uji. Hukukana. "Ningebaki na yeye peke yangu," ulisema. "Miaka miwili, Resian. Sina nguvu."

"Si ungeniambia?"

"Ungekataa."

Mama alikisukuma kijiko kando, akatuangalia mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyemweleza.

Kesho yake nilienda chuo cha Kajiado kueleza kwamba mipango imebadilika. Niliyasema maneno yako kama yangu, mbele ya mkuu wa idara aliyenitakia kila la heri wiki iliyotangulia. Wakaniambia ningoje muhula mmoja. Nikangoja, nikimwogesha mama asubuhi, wewe ukimwogesha jioni, bila kusemezana. Halafu ukapata kazi kwenye mashamba ya vitunguu huko Loitokitok, ukaenda. Ulituaga vizuri. Hukuuliza nani atabaki na mama.

Sasa nimerudi darasani. Shangazi anakaa na mama mchana, nami narudi saa kumi kumnyoosha vidole. Amesimama peke yake mara tatu. Nilijua ungependa kusikia hilo, ndiyo maana nimekuandikia, ingawa hasira haijaisha.

Kila siku najiuliza: ungeniomba nibaki, ningebaki? Sijui, dada. Pengine ningekataa kweli, kama ulivyosema. Pengine ningeirarua ile fomu pale pale nje, mbele yako. Hukunipa nafasi ya kukujibu.

Kaa salama huko.

Mdogo wako,
Resian