Kinyungu Chetu cha Kwenye Chemchemi

Baba Neema,

Kamwene, mume wangu. Umeamkaje huko? Najua kwa Bwana hakuna anayeumwa kifua, ila mdomo umezoea kukuuliza. Huku ukungu ni uleule. Neema amejifungua salama, ana mtoto wa kiume, pua yako kabisa.

Sasa kaa vizuri. Nimechaguliwa mwenyekiti wa kijiji. Mimi, niliyekuwa naona aibu hata kusoma matangazo kanisani! Walinisukuma, nikakubali nikijua sitashinda. Nikashinda. Jumatatu naapishwa.

Jana mwenyekiti anayetoka alinizungusha kunikabidhi kijiji: shule, zahanati, msitu, mpaka bondeni kwenye chemchemi, palipojaa vinyungu, bustani zetu za kiangazi. Pale akasimama. "Mama Neema, hapa ndipo paliponishinda. Sheria inasema asilime mtu, na maji yanakauka. Ukiwatoa wenye vinyungu watakuchukia. Ukiwaacha, watu wa kitongoji cha chini watakunywa tope." Akacheka. "Haya, anza na hicho cha kwanza."

Cha kwanza ni chetu. Kile ulichokichimba mwenyewe wakati wa kiangazi, ukaniambia, "Hiki ndicho kitakachosomesha watoto." Kikasomesha kweli. Saa hizi njegere zimeshika maua.

Jioni akaja shemeji, mdogo wako, na wenzake wanaolima pale. "Shemeji, kura tumekupa sisi. Au utatufukuza kwa jembe la kaka?" Wakacheka, nami nikacheka nao, nikawaongeza chai. Leo asubuhi wamekuja akina mama wa kitongoji cha chini. Wameweka ndoo ya maji ya tope mlangoni, wakaondoka. Hao nao walinipigia kura.

Nikikataa kuapa, nimewatupa wote. Nikiapa, nitashikaje Biblia huku njegere zangu zinakunywa maji yao? Nimeomba mpaka magoti yanauma, Baba Neema. Mungu amenyamaza kama wewe.

Mchana nimeshuka bondeni, nimeng'oa tuta moja. Moja tu, nikakaa chini nikalia, maana yale matuta yamenyooka bado vilevile ulivyoyanyoosha. Shemeji alikuwa amesimama ng'ambo ananitazama. Hakunisalimia.

Nakuahidi, kabla ya Jumatatu nitamaliza yaliyobaki. Cha kwanza kitoke chetu, halafu ndipo nimwambie mtu mwingine.

Kwaheri, mume wangu. Usinikasirikie. Nijibu mapema, hata ndotoni, kabla sijafika tuta la mwisho.

Mkeo,
Mama Neema