Baba Aliyeshika Kamba ya Kifaru

Jumanne, 4 Agosti 1992
Nimeshona suruali tatu za sare. Uzi mweusi umeisha. Mchana nimempeleka Baba kwa daktari wa macho. Presha ya macho. La kushoto limekwisha, la kulia limebakiza wiki chache. Baba hakuuliza habari za dawa. Aliuliza kama ile filamu inaweza kupatikana.

Alhamisi, 6 Agosti
Ile filamu. Tumekua nayo. Ujanani Baba alifanya kazi Tanganyika, kwa wazungu waliokamata wanyama wa kuuza Ulaya. Wakaja wazungu wengine na kamera, wakatengeneza filamu ya kuchekesha. Mbuni wanatoroka, lori linamfukuza kifaru. Baba anasema yumo, ameshika kamba ya kifaru.
Hakuna aliyemwamini. Mtaani kwetu Kabeza wote wanamwita Mzee Kifaru. Kaka yangu Hassani ndiye aliyeanzisha jina hilo. Sijamsamehe.

Jumatatu, 10 Agosti
Nimeipata! Vedasti, mwenye chumba cha video pale Gisimenti, ana kanda yake, ya Kifaransa. Ataionyesha Jumamosi saa nane mchana.
Baba amenyoa ndevu leo hii. Bado siku tano.
Naogopa. Je, kama hayumo?

Jumamosi, 15 Agosti
Chumba kilijaa. Wengi walikuja kumcheka. Hassani alikaa nyuma na rafiki zake. Baba mbele kabisa, magoti yanakaribia kugusa televisheni.
Mbuni walipotoroka, watu walicheka mpaka machozi. Na mimi pia. Kisha lori. Vumbi. Kifaru. Baba akavua miwani aifute. Wakati huohuo akatokea kijana mwembamba kwenye kamba, akageuza uso. Uso wa Hassani mtupu, mpaka mwanya wa meno.
"Ni Baba!" Hassani alipiga kelele. "Vedasti, rudisha! Iko Baba yangu pale!"
Vedasti akarudisha. Umeme ukakatika.
Tulingoja mpaka saa kumi na moja. Haukurudi. Siku hizi za vita barabarani kuna vizuizi vya askari, kila mtu anataka kufika kwake kabla ya giza. Baba hakujiona. Nimelia njia nzima.

Jumapili, 16 Agosti
Kanda imekufa. Umeme uliporudi mashine iliitafuna, palepale kwenye kifaru. Vedasti alikuja mwenyewe kuomba radhi. Nina hasira na sijui nimkasirikie nani.
Jioni akaja Hassani. Alikaa chini, kwenye mkeka, miguuni pa Baba.
"Baba, unisamehe."
Baba alipapasa mpaka akakipata kichwa chake.
"Nilikuwaje?"
"Kijana mzuri. Mwenye nguvu."
"Na kifaru?"
"Mkubwa sana, Baba."
"Niliogopa siku ile, Hassani. Nilijikojolea. Hilo sijawahi kumwambia mtu."
Walicheka wote wawili, kwa muda mrefu. Nikaenda jikoni kuwaachia nafasi.

Ijumaa, 28 Agosti
Baba hauoni tena mlango. Anauliza uko wapi, anaelekezwa, basi. Halalamiki.
Hassani amekuja kumchukua kwenda msikitini, kama Ijumaa iliyopita. Amemshika kiwiko. Wamechelewa kurudi, wamepitia kununua mandazi, wanabishana kama yamekolea sukari. Nimeonja. Yamekolea. Nimeinjika chai.