Rangi ya Kijani Chini ya Nati

Nyumbani, ndani ya gari
Jumapili, tarehe 9, saa nane mchana

Mpendwa Mjomba,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, na naliandika kwanza kabla ujasiri haujaniisha: betri ya kwanza ya gari ulilotuachia niliiua mimi. Sebuleni wadogo zangu hawanyamazi, kwa hiyo baada ya shule huwa najifungia humu ndani ya gari nisome. Kibanda cha gari kina giza hata mchana, basi nawasha taa ya dari. Ijumaa moja niliisahau ikiwaka. Jumatatu gari likawa kimya kama jiwe.

Sasa nimeshalitoa, naweza kukusalimia vizuri. Shikamoo, Mjomba. Mgongo unaendeleaje? Mkaza mjomba hajambo? Sisi huku ni wazima. Mama anashona mashuka ya hospitali kila siku, na Bibi amepata miwani mipya, kwa hiyo sasa anaona makosa yetu yote.

Mama alinunua betri nyingine, nami nikakoma kuwasha taa. Nilidhani yamekwisha. Wiki mbili baadaye, asubuhi yenye umande, mama alizungusha ufunguo, tukasikia tik, taa za dashibodi zikafifia, basi. Tangu hapo likawa linawaka siku tatu na kugoma ya nne. Majirani walituzoea. Kila wakimwona mama na mafurushi yake walikuwa wanauliza, "Leo tunasukuma au tunapumzika?" Bibi yeye hukaa kiti cha nyuma wakati wenzake wanasukuma, eti gari lisijione pweke.

Tulilipeleka kwa fundi ambaye mtaa mzima unamwita Bado Kidogo, kwa sababu ndilo jibu lake kwa kila swali. Alisugua vichwa vya betri, akakaza, akasema alteneta inayochaji betri ni nzima, betri ni nzima. Baada ya siku tatu, tik.

Hapo mama akachoka. Hospitali ilikuwa imeshamwonya mara mbili kwa kuchelewesha mashuka. Akamwambia mwenye duka la mabati aje Ijumaa kulinunua gari. Alisema kwa sauti ndogo, Mjomba, maana ni zawadi ya kaka yake. Mimi sikulala vizuri. Nilijiona nimeliua gari zima kwa kitabu kimoja.

Nikatoa kile kijitabu cha gari kilichokuwa kwenye kasha la dashibodi, nikakisoma chote, hata kurasa za viti. Kinasema umeme unaotoka kwenye betri lazima urudi, na njia yake ya kurudi ni waya mweusi uliofungwa kwenye bodi ya chuma ya gari. Nilimweleza Bado Kidogo. Akacheka, "Mwanangu, kitabu hakijawahi kushika grisi." Nikaona haya, nikaondoka.

Lakini Jumatatu nilimwomba mwalimu wa fizikia mita yake ya kupimia umeme. Nilishika ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha bodi, mama akazungusha ufunguo. Mita ilitakiwa isome karibu na sufuri. Ilisoma volti tatu. Umeme ulikuwa unakwama kwenye ule waya mweusi.

Nilifungua nati inayoushika kwenye bodi kwa spana namba kumi. Chini yake, Mjomba, palikuwa na rangi ya kijani. Nzuri, laini, inang'aa. Unakumbuka ulivyolipiga gari rangi kabla ya kusafiri, ukasema hata ndani ya boneti lazima pawe na heshima? Ile heshima ndiyo iliyotusumbua. Waya ulikaa juu ya rangi, ukawa unagusa chuma kwa bahati tu. Usikasirike, nimekwangua sehemu ya ukubwa wa sarafu tu. Kwingine kote gari bado ni bibi harusi. Nilisugua kwa msasa mpaka chuma kikawa cheupe, nikarudisha nati na kuikaza.

Liliwaka. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, hata kwenye umande. Ijumaa mwenye duka la mabati alikuja na kamba ya kulivutia. Mama alikuwa anapakia mashuka. Alimwambia, "Samahani baba, haliuzwi, linaenda kazini," akaondoka mbele ya macho yake. Bado Kidogo amepita leo, akaitazama ile nati kwa muda mrefu, akaniuliza kama kijitabu chenyewe naweza kumwazima. Nimemwambia bado kidogo.

Msalimie mkaza mjomba, na yule mtoto wenu mwambie dada yake anamwekea vitabu vya picha. Bibi anasema ule chakula, usiishi kwa chai. Mungu akulinde barabarani na kazini, akurudishe salama uje ulisikie likiwaka.

Ni mimi mpwa wako, ninayekupenda hata ukipaka rangi mahali pasipotakiwa.

Nyongeza: Nilipomaliza kuandika niliingia ndani, nikampa mama barua hii aisome kabla ya kuifunga. Aliisoma amesimama kando ya cherehani. Kisha alinikabidhi tochi ya kusomea, nami nikarudi garini, nikahakikisha taa ya dari imezimwa, nikafunga mlango.