Maneno ya Bibi Zuzana

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Elia mdogo wangu, msomee Mama polepole, na asipoelewa mgeuzie kwa Kinyaturu, usiruke neno. Mimi ni mzima, baridi tu ndiyo inanitesa. Mguu wako unaendeleaje? Huko Mungaa mvua imenyesha? Mmekizoea kijiji kipya cha ujamaa, au bado unapakumbuka kule kwetu kwa zamani? Mimi nimepakumbuka mno, hata harufu ya zizi.

Hapa Chekoslovakia bado najifunza kutengeneza ngozi. Naosha ngozi mbichi pamoja na bibi mmoja, Zuzana, wa kabila la Waroma, wale ambao Wazungu huwaita Majipsi. Wenyeji humpita kama hayupo. Mimi nilishindwa kumpita mtu mzima hivi hivi. Siku ya kwanza, lugha sijui, nikainama nikamwambia shikamoo, kisha nikamfundisha kuitika marahaba. Tangu hapo ananigawia maneno yake.

Maji kwao ni pani. Nilicheka, Mama! Si ndivyo watoto wa yule Mhindi wa duka la Singida walivyoomba maji? Zuzana anasema wazee wao walitoka India zamani sana, wakaenda nchi hadi nchi wakiokota maneno. Njia ni drom, saba ni efta; hayo waliyachukua kwa Wagiriki. Safari ile hawakuiandika popote, lakini wakiongea unaisikia.

Wajukuu zake hawaiongei lugha hiyo. Walichekwa shuleni, wakaiacha. Juzi akaniuliza, "Ninyi ndama mnamwitaje?" Nikafungua mdomo, neno la Kinyaturu halikuja. Mimi, niliyechunga ng'ombe wako! Lilikuja baadaye nikitoka kazini, nikalirudia njia nzima huku nalia.

Elia, uliniandikia kwa furaha kwamba binti yangu Neema anaongea Kiswahili kitupu. Kiswahili ni chetu, nakipenda. Atakipata shuleni na kwa majirani. Lakini mama yake ni Mgogo wa Kintinku, na wewe kichwa kimejaa siasa ya taifa moja, lugha moja. Kinyaturu atakipata kwako tu, Mama. Ukimtuma, mtume kwa Kinyaturu. Akijibu kwa Kiswahili, jifanye husikii.

Nisalimie Baba Mkubwa, shangazi wa Issuna na mke wangu. Mwambie asinune, Kigogo naye amfundishe.

Siku nikirudi, mwanangu anipokee kwa Kinyaturu. Nami nikikosea, anisahihishe mbele ya watu wote.

Ni mimi mwanao,
Yohana