Mboga za Nyumbani

Jumanne, 4 Juni 1996

Leo nimepata mgeni shambani. Msichana wa chuo kikuu, anaitwa Wakiuru, na viatu vyeupe — hapo kando ya mto! Nilimhurumia. Eti wanapima chakula kinatugharimu nini. Nikamtajia bei ya fungu. Hapana mama, akasema, wanatafuta kile ambacho hakimo kwenye bei: maji, udongo, ugonjwa wa anayelima na wa anayekula. Basi andika mgongo wangu, nikamwambia. Akaandika kweli, bila hata kucheka.

Akachuma majani kwenye vipande vyangu vyote viwili, akachukua na udongo na maji, akatia kwenye mifuko kwenda kupima. Kile kikubwa cha chini nakinywesha maji taka kama kila mtu huku. Unaziba shimo la bomba kwa mawe na magunia, yanapanda, yanafurika hadi kwenye mboga. Yananuka, lakini sukuma zinanenepa ajabu! Hizo ni za kuuza. Zinafika mpaka mtaa wa Donholm na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika. Kile kidogo cha juu kiko chini ya ukuta wa yadi wanakoyeyusha betri kuukuu za magari, na kinapata maji ya bomba lao. Maji safi, unaona mpaka chini, hayana harufu. Hizo ni mboga za nyumbani. Haziuzwi. Ni za binti yangu Mitchelle, na za Batulo wa mlango wa pili, kwa sababu ana mtoto mdogo na mimi nampenda yule mwanamke.

Mume wangu Opicho anasema nina roho mbaya, nauzia watu uchafu nakula usafi. Nikamuuliza kama anataka nimpikie za kule chini. Akamega ugali.

Jumamosi, 8 Juni

Mitchelle tumbo tena. Hata uji hataki.

Mwalimu wa nasari aliniita jana. Anasema herufi alizozijua wakati wa Pasaka amezisahau, na anasinzia darasani. Mtoto wangu! Aliyekuwa anasomea wageni maandishi ya kwenye pakiti ya majani ya chai. Mwalimu anaona amepauka, pengine damu ni kidogo, nimpe mboga za kijani kwa wingi.

Hilo naliweza. Nimechuma zile changa kabisa za juu, nimezipika kwa maziwa kama nyumbani Busia, nimekaa naye mpaka akamaliza sahani. Kesho tena.

Jumatano, 19 Juni

Wakiuru amerudi. Safari hii anataka damu ya watoto wa wakulima, wapime kliniki. Wenzangu wamekataa wote. Wamesema damu inapelekwa kwa waabudu shetani. Mimi nimempeleka Mitchelle mwenyewe, mchana kweupe, wakiniangalia. Kama kuna kinachomla mtoto, nataka nikijue jina.

Hakulia sindano ilipoingia. Muuguzi akamsifu, msichana shujaa. Mimi roho iliniuma. Mitchelle ninayemjua angelia mtaa mzima wa Ziwani usikie.

Ijumaa, 5 Julai

Sijui nianze wapi.

Wakiuru amekuja asubuhi, akakaa kwenye gunia langu kabla sijamkaribisha. Akasema za chini zina minyoo na viini vya magonjwa, nisizichukulie kuwa salama, lakini zikipikwa sana vinakufa. Kisha akaonyesha kule juu. "Mama, hizi zina madini ya risasi, yale ya betri. Yamo kwenye maji na kwenye udongo. Hayatoki kwa moto, hayatoki kwa kuoshwa."

Nikamwambia wamechanganya mifuko. Akasema hata wao walidhani hivyo, wakapima upya. Nikamwambia maji yale ni safi, twende akayaone kwa macho yake! Akaniacha niseme mpaka nikachoka. Halafu akanieleza kwamba risasi hiyo hiyo imejaa kwenye damu ya Mitchelle, na kwamba inadumaza akili na mwili wa mtoto.

Nimeuliza kitu kimoja tu, kama zile herufi zitarudi. Akasema tumwahishe hospitali, kuna dawa ya kuyapunguza kwenye damu. Nikauliza tena. Akalia yeye, mimi sikulia. Nilikuwa nawaza watu wa Donholm, ambao hata majina yao siyajui. Wao nimewapa zinazosafishika kwa moto. Niliowapenda ndio nimewachagulia sumu, jani kwa jani, changa changa.

Jumamosi, 6 Julai

Hospitali wamesema turudi Jumatatu.

Nimeng'oa kipande cha juu chote, na mizizi. Opicho amechimba shimo tukafukia ili mtu asiokote. Hajanilaumu. Afadhali angenilaumu.

Kwa Batulo sijaenda. Nimepita mlangoni kwake nikijifanya nina haraka.

Jumapili, 7 Julai

Sikwenda kanisani. Nimekwenda kwa Batulo.

Alikuwa anamlisha mwanawe Issack. Ugali laini na sukuma zangu, alizobakiza, amezikatakata ndogo ndogo. Akafurahi kuniona, akasema chai iko tayari, akasema Mungu anilipe, mtoto hataki mboga nyingine ila hizi. Nikashindwa kukaa. Nikamwambia, "Mama Issack, mtoe hiyo mdomoni." Akadhani natania. Nikamwambia tena.

Akaingiza kidole akaitoa, akamfuta mtoto midomo kwa shuka yake. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, maji, yadi, damu, Mitchelle. Nilikuwa nangoja anitukane, anifukuze, chochote. Akauliza, "Na Mitchelle alikuwa anakula hizi hizi?"

Ndiye anayekula kwanza, nikamwambia.

Akatikisa kichwa polepole. Akasema Issack ana mwaka na nusu na bado hasimami. Mama yake alimwambia watoto wengine huchelewa, asiwe na haraka, na yeye ameamini. Akaniuliza kama ni hiyo. Nikasema sijui, Batulo, wallahi sijui, Jumatatu twende wote. Chai ilikuwa imemiminwa, hatukuinywa.

Sasa ni saa kumi jioni. Mitchelle amelala mapajani mwangu, naandika kwa shida. Ukuta wetu ni mwembamba, nasikia kila kitu. Batulo anamsimamisha Issack. Anamwita, njoo, njoo kwa mama. Kaanguka. Anamsimamisha tena.