Kigari cha Wajukuu Wangu

Jumamosi, mwezi wa nne, 1955. Mawingu tangu alfajiri, mvua imeshika mchana. Mtaa wetu wa Bondeni wote ni matope.

Leo simwamini mtu yeyote. Niandike hilo kwanza, mengine yafuate.

Mwandiko wangu ni mbaya, najua. Mimi nilisoma chuo cha Kurani tu, na herufi hizi alinifundisha marehemu mume wangu jioni akitoka kazini reli. Lakini macho ninayo, na mwezi huu macho yangu yameona mambo.

Zainabu, mke wa mwanangu, ametuzalia mapacha, Hasani na Huseni. Dada yao Mwanaisha bado analowesha kitanda. Arobaini ya mzazi inaisha wiki ijayo, na Zainabu lazima arudi kwenye meza yake ya mboga sokoni. Basi mwanangu Ramadhani akanijia kwa sauti ya upole. Sauti ya upole ya mwanamume mimi huwa siiamini. Akasema tukipata kigari cha kusukumia watoto, watabaki na mimi. Tusipopata, mapacha watapelekwa Molo kwa mama yake Zainabu mpaka watembee.

Molo! Baridi ya kule inaingia kifuani mwa mtu mzima, sembuse vitoto vya juzi.

Yule mama wa Molo hana ubaya, sisemi hivyo. Kila lori likishuka anatuletea viazi. Lakini mtu anayekutumia viazi miaka yote bila kuomba kitu, jiulize anangoja nini. Mimi nilijiuliza. Sasa naona jibu, na jibu lina majina mawili.

Nikamwuliza Ramadhani kwa nini nisiwabebe mgongoni, mmoja asubuhi, mwingine mchana, kama nilivyombeba yeye. Akatazama chini.

Ameona.

Siku hizi nikimfunga Mwanaisha mgongoni nashika ukuta ndipo niinuke. Nilidhani hakuna anayetazama. Kumbe nyumba nzima ilikuwa inatazama na kunyamaza.

Basi ikawa kazi ya kigari. Na mimi na vigari tunajuana. Nilipokuwa kijana nilikuwa yaya wa Wazungu upande wa Kabazi. Nilisukuma watoto wao kwenye nyasi zao, kofia nyeupe kichwani, na Ramadhani wangu yuko kwa jirani ananyweshwa uji. Nilipoacha kazi ile niliapa mikono hii haitashika tena chuma cha kigari. Nilisema atakayesukuma ni Zainabu. Mimi nitakwenda kuchagua tu, kwa sababu nikimwachia yeye atachagua rangi.

Nilianzia kwa Mhindi wa vitambaa, ambaye sasa anauza na vigari. Akanionyesha kimoja chepesi, kinakunjwa kama kiti cha kanisani. Akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena, anacheka peke yake. Kitu kinachokunjika upesi hivyo kitakunjika na mtoto akiwa ndani. Tena kina nafasi ya mmoja. Nikamwuliza wa pili nimtie wapi. Akaniambia, "Mama, nunua viwili." Nikamwuliza na mikono minne anauza yeye? Nikatoka.

Ndipo Chepkoech akaleta habari. Huyu ni jirani yetu, ukuta wetu na wake ni mmoja, na ni yaya kule mlimani kwa Wazungu. Memsabu wake anarudi Ulaya na anauza kigari kikubwa, watoto wawili wanalala, mmoja kichwa huku, mwingine kule. Nikamshuku Chepkoech papo hapo. Yeye anapata nini? Akasema anapata usingizi, maana mapacha wakilia kwetu ni kama wanalia kitandani kwake.

Nikamwambia aniulizie bei.

Leo asubuhi nikachukua viazi vya Molo nikavigawa mafungu mawili. Nikambeba Hasani mkono huu na fungu mkono huu, nikaongeza viazi mpaka mikono ikasema sawasawa. Huseni naye vivyo hivyo. Nikayafunga kila moja kwa leso yake, la Huseni akalichukua Chepkoech, tukapanda mlimani. Wengine hununua kwa macho. Mimi nataka kuona kitu kikiwa na mzigo.

Memsabu alisimama barazani na kikombe chake akinitazama nikilaza viazi vyangu ndani ya kigari chake. Nilikagua kila kitu. Ndani nikakuta mikanda ya ngozi yenye vyuma, na nywele fupi nyeupe kwenye godoro. Moyo ukaniambia humu alifungwa mbwa. Nikamwuliza Chepkoech kwa sauti ya chini kama Wazungu hawa walikuwa wanamtembeza mbwa. Akacheka mpaka akashika nguzo. Mikanda ni ya kumzuia mtoto asianguke, akasema, na nywele ni za paka, kalala humo tangu watoto walipokua. Paka nikamkubali, ni mnyama safi. Lakini godoro nililikung'uta mara mbili, memsabu akiona.

Kigari chenyewe, niseme ukweli, ni kizuri. Magurudumu makubwa, springi zinacheza bila kulia. Nikalipa. Chepkoech akabaki kazini kwake, na mimi nikajikuta njiani peke yangu na kile chuma mkononi.

Viazi sikuvitoa. Nilitaka kuona kigari kitafanyaje kwenye mteremko. Kama kitavunjika, kivunjike na viazi, tena karibu na aliyekiuza.

Kilishuka vizuri. Kwenye njia panda askari akanisimamisha. Kijana, bunduki begani, anatabasamu kwa sababu ameona leso mbili zimelala chini ya paa la kigari. Akainama kutazama watoto. Akafunua leso.

"Hivi ni viazi."

"Vya Molo," nikasema.

Tabasamu likaisha. Akatazama kigari, akanitazama mimi, akavitazama tena viazi vilivyovikwa kama watoto. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Siku hizi chakula kikifichwa watu wanasema kinapelekewa wapiganaji msituni, na nimeona mwanamke akipandishwa lori kwa kikapu cha unga tu. Akaniuliza kigari cha Mzungu nimekipata wapi. Akaniuliza kabila langu. Nikamwambia ninapima kama kitabeba wajukuu wangu.

"Mama, usinifanye mtoto. Sema ni mali ya memsabu wako, unampelekea. Nitakuacha upite."

Nadhani alikuwa ananionea huruma. Neno lenyewe lilikuwa jepesi, na mtu yeyote angelisema. Lakini nikisema ni cha memsabu leo, kesho nikipita na mapacha ndani nitasema watoto ni wa nani?

"Ni changu," nikamwambia. "Wenyewe wako nyumbani. Njoo uwaone."

Tukaenda, mimi mbele nasukuma, yeye nyuma na bunduki. Mvua ikaanza. Bondeni nzima ilitoka milangoni kutazama. Hakuna aliyenisalimu.

Mlangoni nikamgeukia. "Buti zako mwisho hapa. Ndani kuna mzazi."

Akasimama, na haya kidogo. Nikamtoa Hasani, nikamtoa Huseni. Zainabu alinifuata mpaka kizingitini, hajui kuna nini. Nikashusha viazi chini, nikawalaza watoto kama tulivyoambiwa, mmoja kichwa huku, mwingine kule. Walilia, wakapigana mateke. Kisha mguu wa Huseni ukafika shavuni kwa Hasani, na wote wawili wakanyamaza.

Yule askari akawatazama sana. Akainua fungu moja la viazi kwa mkono, kama mtu anayepima, akalirudisha.

"Vigari kama hivi bado vipo kule mlimani?" akauliza.

Nikamwambia aende akaulize, mimi si duka. Akaondoka.

Nilipofunga mlango nikakaa sakafuni. Zainabu akaja akakaa karibu yangu.

"Umekisukuma mwenyewe, Mama?"

"Ulitaka kijisukume?"

Akanifuta matope miguuni. Kisha akasema habari ya Molo hakuipanga mama yake, wala Ramadhani. Ni yeye. Aliniona siku moja nimeshika ukuta na Mwanaisha mgongoni, na tangu siku hiyo hana usingizi. "Sikutaka waende. Niliogopa utaanguka nao."

Nikamgombeza. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia usoni. Akaniuliza, kwa heshima zake zote, "Ningeanzaje, Mama?"

Nimefikiri tangu mchana. Hata mimi sijui angeanzaje.

Ramadhani akirudi nitamwambia safari ya Molo haipo. Yule mama akitaka kuwaona aje, kitanda kipo. Nimemshuku bure, lakini hilo sitamwambia. Nitampikia.

Kesho matope yakikauka nitawatoa wote watatu. Wawili ndani, Mwanaisha ameshika chuma kando yangu. Atakayeuliza ni watoto wa nani, nitasimama nimjibu, na sitaharakisha.